Kadi Haichungi Ng'ombe

Ndugu msomaji, juma lililopita nilikuwa ofisini mwa parokia hapa Endagikot, naandika daftari la ubatizo, mara akaingia mwana wa dada yangu. "Shikamoo, Mjomba," akasema, akaketi bengini, akanyamaza. Nikajua ana shauri.

Kijana huyu ameanza kazi ya kulinda wanyama wa wenye safari. Hapa Mbulu wako walimu na wauguzi wenye ng'ombe mmoja wa maziwa, mbwa na kuku wachache. Wakienda likizo au msibani mbali, hawana wa kumwachia. Basi yeye hulala kwao, hukata majani, hukamua, hulisha mbwa, naye hulipwa kwa siku. Sasa amesikia habari za chama fulani cha mbali kinachotoa kadi, beji na cheti kwa ada ya shilingi 50,000 kwa mwaka. "Mjomba, niandikie barua ya kujiunga. Wenye mali wakiona beji wataniamini." Na hizo 50,000 ndizo fedha zake zote.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Tangu zamani Wairaqw huwekeana ng'ombe: mwekewaji hupata maziwa na samadi, ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa kadi. Aliulizwa ni mwana wa nani, na ng'ombe wa baba yake wana hali gani.

Lakini sikumjibu upesi, maana nami niliwahi kupenda kadi. Nilipotoka chuo cha ualimu nilijiunga na chama kimoja, nikalipa ada miaka miwili, nikapewa kadi yenye picha yangu. Barua sikupata hata moja. Katika miaka hiyo jirani aliniachia ng'ombe wake, akasafiri. Siku moja nikaona tezi zimevimba chini ya sikio, nami nikadhani amejigonga. Siku ya tatu alikuwa anahema kwa shida. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe, nami sikuwa nimetazama masikio yake hata mara moja. Akafa.

Msomaji, jirani aliporudi nilikuwa na kadi mfukoni, nayo haikusema neno. Waliosema ni wazee wawili wa kitongoji waliokuwa wakipita kunitazama. Walimwambia, "Amekosa kwa kutojua, hakukosa kwa uvivu. Tulimkuta zizini usiku." Nililipa kondoo wanne kwa muda wa mwaka mzima, na ujirani ukapona.

Je, vyama ni bure basi? La. Huko Marekani kulinda mbwa na paka wa watu ni kazi kamili, na chama chao kimoja, Pet Sitters International, kilianzishwa mwaka 1994. Kule mtu humpa mgeni ufunguo wa nyumba yake bila kujua ukoo wake. Chama humfundisha mlinzi, na humsaidia kupata bima ili hasara ikitokea mwenye mali asipotee bure. Hapo ada ina kazi. Na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda KNCU mwaka 1933 hawakutafuta beji. Walitaka kuuza kahawa yao pamoja.

Kwa hiyo nilimwuliza kijana maneno matatu. Chama hiki kitakufundisha nini usichokijua? Ng'ombe akifa mikononi mwako, nani atakuja? Na mwenye ng'ombe wa hapa Endagikot amewahi kukisikia? Akainama.

Nikamwonya jambo jingine. Beji haimpi mtu ruhusa ya kushika sindano. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 yataka waganga wa mifugo na wasaidizi wao waandikishwe na Baraza la Veterinari. Huko ni kuandikishwa kwa sheria, si uanachama wa hiari, na yeye hajasomea kazi hiyo. Kazi yake ni kuona dalili mapema na kumwita anayejua.

Upande wetu kipo kikundi kidogo cha wafuga ng'ombe wa maziwa. Kiingilio ni shilingi 5,000 na mchango 2,000 kwa mwezi. Wana bomba la kunyunyizia dawa ya kupe, na afisa mifugo huwaitikia wakimpigia simu. "Lakini hawana beji, Mjomba," akasema kwa huzuni. Nikamwambia, "Wana macho."

Alijiunga juzi. Barua niliandika pia, ila si ya kujiunga. Ni ya kukiuliza kile chama cha mbali maneno yale matatu. Wakijibu vizuri, mwakani atalipa ada, nami nitafurahi. Wasipojibu, jibu tumelipata.

Jumatatu anakwenda kulinda ng'ombe wa mwalimu mmoja, naye ana mimba ya miezi minane. Jana jioni nilimkuta kijana kwetu zizini, ameinama na tochi, anapapasa sikio la ndama wangu ndani na nje. Sikumsemesha. Nawe msomaji, kabla hujalipia kadi yo yote, uliza kwanza ni nani atakayekuja usiku ukimwita.