Makala Niliyoandika Kuhusu EGFR

Niliandika, na watu wakaniamini, kwamba saratani ya kichwa na shingo ikikutwa na protini ya EGFR kwa wingi, basi jeni yake imeongezeka nakala, na mgonjwa huyo atafaa kutibiwa kwa setuksimabu, dawa inayoiziba protini hiyo. Nilikosea mara mbili katika sentensi moja.

Ni kweli nakala za jeni zikizidi, protini nayo huweza kuzidi. Ndivyo ilivyo kwa jeni ya CCND1, iliyo kwenye kromosomu ya 11, ambayo huzidishwa katika takriban theluthi moja ya saratani hizi. Lakini protini hufurika hata jeni ikibaki na nakala zake mbili za kuzaliwa nazo. Katika saratani ya koo inayoletwa na virusi vya HPV, protini ya p16 hujaa tele kwa sababu protini ya E7 ya virusi hivyo huilemaza protini ya Rb, iliyokuwa ikiidhibiti p16. EGFR yenyewe huzidi katika asilimia 80 hadi 90 ya saratani za kichwa na shingo, ilhali jeni yake huongezeka nakala kwa wachache tu. Kipimo kinachowaka kwa karibu kila mgonjwa kitamchaguaje mmoja?

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Jaribio la EXTREME, lililochapishwa mwaka 2008, lilionyesha kuwa setuksimabu ikiongezwa kwenye tibakemikali, muda wa kati wa kuishi kwa wagonjwa ambao saratani yao imerudi au kusambaa hupanda kutoka miezi 7.4 hadi 10.1. Hilo nilisoma. Sikusoma uchambuzi uliofuata: wingi wa EGFR, wala wa nakala za jeni yake, haukutabiri nani angefaidika.

Kisha mama mmoja akanipigia simu. Mumewe alikuwa na saratani ya koo, p16 chanya, EGFR nyingi. Daktari alishampangia mionzi pamoja na dawa ya sisplatini. Wao walisitisha, wakauza shamba ili watafute setuksimabu, na mimi nikamwambia wanafanya vyema. Wakati huo majaribio mawili yalikwisha kutangazwa, mwaka 2018, kuhusu wagonjwa kama mumewe. Katika moja, RTOG 1016, waliopewa sisplatini asilimia 84.6 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wa setuksimabu, asilimia 77.9. Kwa mumewe, wiki zikapita bila tiba, uvimbe ukikua.

Mama, nakuomba radhi wewe na watoto wako. Nilikujibu kama ninayejua, na sikujua.

Nawe msomaji uliyeitunza makala ile, ichane. Ukiwa na ripoti yenye EGFR nyingi, usiiahirishe mionzi wala kuiacha sisplatini kwa ajili yake. Muulize daktari wako ugonjwa umefika hatua gani, na kama figo na masikio yako vitaihimili sisplatini.