Masufuria ya Mkesha

Mwenge wa Uhuru ukiingia wilayani, macho yote huwa barabarani: skauti wamejipanga, ngoma zinalia, wakimbiza mwenge wanashuka na sare zao. Nyuma ya uwanja kuna moshi mwingine. Huko mama lishe wameshainjika masufuria tangu alfajiri, na huko ndiko nilikokwenda nilipoufuata mkesha kutoka Iringa hadi Mbeya.

Mkesha ndio sehemu ndefu ya mbio za Mwenge. Mchana Mwenge unakagua zahanati, visima na madarasa; usiku unalala kwenye halmashauri iliyoupokea, na watu wanakesha nao. Mkoa wa Iringa una halmashauri tano, Mbeya saba. Yaani usiku kumi na mbili wa kulisha umati katika mikoa hii miwili tu.

Nyanda za Juu zina baridi, kwa hiyo jungu la kwanza huwa la chai. Chai imetoka Mufindi, tangawizi imepondwa kwenye kinu, na anayefika jikoni anapewa kikombe kabla hajaulizwa ametoka wapi. "Kamwene," anasalimiwa, na akishajibu anaonyeshwa pa kukaa, kisha anasogezewa kisu na karai la vitunguu. Mgeni akikaa bure jikoni watu wanaona wamemtenga. Vitunguu na nyanya vimeteremshwa kutoka Ilula, upande wa Kilolo. Maharage yalilowekwa jana. Ugali unasongwa na wawili, mmoja ameshika sufuria kwa matambara, mwingine amesimama juu ya mwiko wenye urefu wa mkono mzima.

Wengi wa wanawake hawa siku nyingine ni washindani, kila mmoja ana kibanda chake na wateja wake stendi au sokoni. Usiku wa mkesha wanaazimana mafiga, kuni na hata watoto wa kutumwa maji. Niliwaona wakipakuliana wao kwa wao kabla ya kumpelekea mtu yeyote jukwaani, na nadhani walifanya vyema.

Watanzania wamewahi kutembea kwa ajili ya jambo walilolijali kabla ya mbio hizi kuwa na magari mengi kama leo. Mwenge wenyewe uliwashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, ukipandishwa na Luteni Alexander Nyirenda, na mbio zikaanza 1964. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, vijana walishika njia kwa miguu kuliunga mkono. Seti Benjamin, kijana wa Arusha, alifariki safarini akielekea Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Vijana wale walikula kila jioni, na kuna aliyewasha moto wakala. Majina ya waliotembea tunayo. Ya waliopika ni nadra kuyasikia.

Ninalishikilia jambo hili la wapishi kwa sababu ya ujumbe ambao Mwenge unaubeba mwaka hadi mwaka, pamoja na malaria, UKIMWI, rushwa na dawa za kulevya: lishe. Iringa inalisha nchi. Mahindi, viazi na maharage yake yanapakiwa kwenye malori kila siku. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, karibu asilimia 57, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 30. Njombe ni jirani, nayo ilikuwa karibu asilimia 50. Chakula kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko wake kwenye sahani ya mtoto, na muda wa mama anayeshinda shambani. Hotuba ya lishe inasomwa jukwaani kwa kipaza sauti. Jikoni, mama mmoja wa makamo alikuwa akimwelekeza binti mwenye mtoto mgongoni asage karanga na dagaa kwenye uji wa huyo mdogo. Alimweleza mara mbili, na mara ya pili akamwonyesha.

Kutoka Iringa basi linapita Mafinga yenye harufu ya mbao, Makambako, kisha linateremka Igawa hadi joto la Usangu, na sufuria zinabadilika. Mbarali ni wali. Ukipanda tena Uyole unakutana na ndizi za Rungwe, maparachichi, mchele wa Kyela, na shukrani inatolewa kwa Kinyakyusa: ndaga fijo.

Mbio za 2025 zilifikia kilele Mbeya, 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu. Wapo wananchi wanaolalamikia michango ya Mwenge, na wana haki ya kusikilizwa. Mama lishe nao wana lao la kudai. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati ya hizo zikiwa za wanawake, na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba. Wapishi niliokaa nao walikuwa wakijadili katiba ya kikundi chao huku wakisugua masufuria, wakibishana nani awe mweka hazina.