Hilux Haifi

Kwetu Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, watu husema Hilux haifi. Niliyaamini maneno hayo, nayo yakanigharimu muhula mzima.

Baba alipofariki alituachia pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1991. Injini yake ni ya dizeli, lita 2.4, haina mambo ya kompyuta. Springi za nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, ndiyo maana hubeba mzigo mzito bila kulalamika. Milango imeliwa na kutu na vioo hupandishwa kwa mkono. Hata hivyo, kila Jumamosi niliijaza mikungu ya matoke nikaipeleka sokoni Mbarara. Faida ikawa karo yangu na matumizi ya nyumbani.

Chuoni, rafiki yangu alinionyesha kwenye simu kipindi cha Top Gear cha Uingereza cha mwaka 2003. Watangazaji waliiacha Hilux kuukuu ikafunikwa na maji ya bahari, kisha wakaipandisha juu ya jengo refu lililobomolewa kwa baruti. Bado ikawaka! Nilishangilia kana kwamba ni yetu.

Jumamosi moja mwaka jana nilikuta maji yamevuja chini ya rejeta. Kidogo tu, hayajai kikombe. Baba angefungua boneti kwanza. Kila asubuhi alipima maji na oili kabla ya kunywa chai, nami niliona ni mazoea ya uzee. Wanunuzi walikuwa wakinisubiri, nikaondoka. Geji ya joto ilikuwa imekufa zamani. Katikati ya mlima injini ikaishiwa nguvu na mvuke ukafoka. Badala ya kuzima, nilikanyaga mafuta ili nifike kileleni. Sikufika.

Fundi aliyemhudumia Baba miaka mingi aliikagua kimya. Gasketi ilikuwa imeungua na kichwa cha silinda kimepinda.

"Mwanangu," akasema, "mzee hakuwa na gari lisiloharibika. Alikuwa na gari linalotengenezeka, naye akalitunza."

Matengenezo yalimeza fedha zote nilizoweka kwa ajili ya karo. Nikaahirisha masomo. Nilipomweleza Mama, hakunigombeza. Aliinuka akaenda shambani. Afadhali angenigombeza.

Katika miezi ile ya kukaa nyumbani niliitazama tena ile video. Safari hii nikaona nilichokuwa nimekiruka: palikuwa na fundi. Hakuruhusiwa kutumia spea, lakini alikuwa na spana zake, na kila baada ya mkasa aliinama chini ya boneti. Gari lilikuwa imara kweli, ila halikujifufua lenyewe. Tuliosema Hilux haifi tulikuwa tumeusahau mkono wa mtu. Nami nilikuwa nimeusahau mkono wa Baba, ulionuka dizeli kila asubuhi kwa ajili yetu.

Sasa nimerudi darasani, muhula mmoja nyuma ya wenzangu. Geji ya joto inafanya kazi. Siku za Jumamosi mdogo wangu ndiye anayeendesha. Nimemwandikia maneno manne kwenye kipande cha kadibodi na kukibandika karibu na usukani: maji, oili, breki, magurudumu. Chini yake nimeongeza: kabla ya chai.