Uchungu Umeanza Lini?

Swali la kwanza nililoulizwa nilipofika wodi ya wazazi, masika ya mwaka 2011, lilikuwa hili: "Uchungu umeanza lini?" Nikamjibu mkunga kwamba umeanza alfajiri. Nilijibu sawasawa, kwa kuwa aliuliza habari za kiuno na mgongo. Miezi mitatu baadaye, nikiwa nimekaa kizingitini mwa chumba chetu cha kupanga Mbagala, ndipo nilipotambua kwamba swali lile lilikuwa na jibu la pili. Uchungu wangu ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla, siku mimba yangu ya kwanza ilipotoka, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza kama umekwisha.

Wapenzi wa lugha hawana haja ya kufundishwa maana za neno hili. Uchungu ni ladha ya shubiri. Uchungu ni maumivu ya kuzaa. Uchungu ni majonzi ya moyo, na pia ni ile hasira inayochanganyika na mapenzi, kama mtu anavyoona uchungu juu ya mali yake au nchi yake. Wazee waliotuachia Kiswahili hawakuona sababu ya kutenga tumbo la uzazi na moyo. Walivipa neno moja na kutuachia tuyapambanue kwa muktadha. Sisi ndio tuliokuja kuyapambanua kupita kiasi, hata uchungu ukawa na mlango mmoja tu wa kuingilia hospitali.

Nakitazama pia kitenzi "kujifungua". Nakipenda, na nakishuku. Kinasema kwamba mwanamke amefunguka, tena amejifungua mwenyewe, na kazi imekwisha. Mimi nilijifungua mtoto wa kike wa kilo mbili na gramu mia tisa. Watu wakasema hongera. Nikasema ahsante. Ndani yangu palikuwa na fundo ambalo hakuna aliyeligusa.

Tena lile la kwanza. Tunasema "mimba imeharibika", kama tunavyosema mchuzi umeharibika, na anayesikia huanza kumtafuta mharibifu. Nilikuwa na miezi mitatu. Mimba ya miezi mitatu haina kaburi, haina jina, wala haina matanga. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu mwema na simlaumu, aliniambia, "Mwanangu, ni kazi ya Mungu, utapata mwingine." Siku ya nne nilikuwa nafua.

Huyo mwingine nilipompata, mama yangu alikuja kutoka Kibiti kunilea arobaini. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akanikataza hata kuinama kuokota kijiko. Husikia vijana wa mjini wakiicheka arobaini kwamba ni mambo ya kizamani. Mimi siicheki. Kwa siku arobaini kuna mtu mzima anayelala chumba kimoja na mzazi na kumwona akiwa macho saa nane za usiku. Mama aliniona. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, unanitazama lakini hunioni." Hakuwa na neno la kuongeza, wala mimi sikuwa nalo. Mpunga ulikuwa unamngoja nyumbani, akaondoka.

Madaktari nao wana arobaini yao: siku ya 42, wiki sita kamili tangu kujifungua. Zimepishana siku mbili tu, na hilo hunifurahisha. Nilikwenda kliniki siku hiyo. Walimpima mtoto uzito na kuangalia chanjo zake. Mimi niliulizwa kuhusu damu, kuhusu matiti, na kuhusu njia ya uzazi wa mpango niitakayo. Yote yalikuwa maswali ya lazima. Nilitoka na kadi iliyojazwa vizuri.

Nilikuwa silali hata mtoto alipolala. Niliogopa beseni la kumwogeshea. Akilia, moyo ulienda mbio kana kwamba nimefumaniwa. Niliamini, kwa utulivu kabisa, kwamba angepata mama bora kuliko mimi. Tena niliacha kuvuka Barabara ya Kilwa peke yangu, kwa sababu nilizozijua mwenyewe. Jirani mmoja alisema nina jini. Mwingine alisema nadeka. Mume wangu alinyamaza, na baadaye alinieleza alichokuwa akikiogopa: watu wasije wakasema mkewe ni wa kupelekwa Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma imegeuzwa tusi hata na wasiojua iko mtaa gani.

Aliyenitoa humo ni muuguzi mmoja wa zamu ya jioni, nilipompeleka mtoto mwenye homa. Alikwisha kuandika dawa ya mtoto, kisha akainua macho, akauliza, "Na wewe mama, unalala?" Nililia mpaka foleni nzima ikanigeukia. Kwa maneno yake nilifika kwa daktari wa akili, nikapata dawa na ushauri, na kupona kwangu kulichukua karibu mwaka.

Nilipopona nikaanza kusoma. Nilijifunza kwamba homoni zinazopanda wakati wa ujauzito huporomoka ghafla baada ya kuzaa, na kwamba wanawake wengi hupatwa na majonzi na machozi ya siku za mwanzo ambayo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Yasipoondoka, ni jambo jingine, na mara nyingi jambo hilo huwa limeanza tangu ujauzito. Aliyepoteza mimba, anayepigwa nyumbani, asiye na wa kumsaidia, hao wako karibu zaidi na shimo.

Nilikuta pia habari iliyonigusa kama mtu wa lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa akili Mwingereza, John Cox, alifanya utafiti kwa wajawazito wa Kasangati, nje ya Kampala. Huko akakutana na neno la Kiganda, amakiro, maradhi ya mzazi ambayo watu waliyahusisha na mwanamke kutembea na wanaume akiwa na mimba. Baganda walikuwa na jina la ugonjwa, ila jina lenyewe lilimhukumu mgonjwa. Mwaka 1987 Cox na wenzake walichapisha maswali kumi ya kumpima mzazi, yajulikanayo kwa jina la mji wa Edinburgh na kutumika duniani kote. La kwanza linahusu kucheka. Nimejaribu mara nyingi kulifasiri hilo, na likitafsiriwa neno kwa neno huwa kichekesho lenyewe. Kwetu ningeuliza: "Ukitaniwa, bado unajibu?" Mwanamke wa Kindengereko akiacha kumjibu mtani wake, ukoo mzima unajua pana jambo.

Hapa Dar es Salaam nako, mwaka 2008, watafiti akiwemo Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili walichapisha dodoso la vipengele 19 la kugundua ugonjwa huu, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wa hapa. Ugonjwa wenyewe siku hizi unaitwa sonona. Washairi mnakijua kitenzi hiki, sonona, sononeka, sononesha, cha moyo unaouma kwa ndani. Wataalamu wa afya wamekifanya nomino, nami siwapingi. Ni neno letu na lina heshima. Ila nilidhani kwamba jina likishapatikana kazi imekwisha.

Mwaka 2019 mdogo wangu alijifungua mtoto wa pili. Alikuwa anakaa Mbagala Rangi Tatu, jirani na kituo. Nilimkuta na uji umepoa mbele yake, mtoto kavikwa vizuri, nyumba imefagiwa, na macho yale niliyoyajua. Nikamwuliza kwa ufasaha wangu wote kama ana dalili za sonona.

"Dada, sonona ni ya watu wa redioni," akasema. "Mimi nina mawazo tu."

Nikanyamaza. Nilimpokea mtoto, nikamweka begani. Nje makondakta walikuwa wanaita abiria wa Kariakoo. Baada ya muda nikamwuliza, "Mdogo wangu, ukifika Barabara ya Kilwa, unavuka mwenyewe?"

Aliweka kijiko chini. "Nani amekuambia?"

Kesho yake asubuhi tulipanda daladala pamoja, mtoto nikiwa nimembeba mimi.