Chester Williams, Mchezaji wa Pembeni

Katika timu yetu ya raga mimi hucheza pembeni. Ndiyo sababu habari za Chester Williams wa Afrika ya Kusini, aliyecheza mahali hapo hapo, zilinivuta sana, nami napenda kuwasimulia kwa ufupi.

Alizaliwa mwaka 1970 katika mji wa Paarl, wakati ambapo sheria za ubaguzi wa rangi zilitenga watu hata michezoni. Alianza kuichezea nchi yake mwaka 1993. Kombe la Dunia la 1995 lilipochezwa nchini kwao, aliondolewa kikosini kwa kuumia msuli wa paja. Kisha mwenzake mmoja akafungiwa kwa sababu ya ugomvi katika mchezo wao na Kanada, naye Chester akaitwa tena. Basi siku aliyorudi uwanjani alifunga trai nne dhidi ya Samoa ya Magharibi! Tarehe 24 Juni waliishinda New Zealand 15 kwa 12, na Rais Mandela akawakabidhi kombe.

Katika kikosi kile, asiye mweupe alikuwa yeye tu. Picha zake zilibandikwa kila mahali ili kuonyesha kwamba nchi imekuwa moja. Lakini katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 2002, alieleza kwamba wako wachezaji wenziwe waliomtukana kwa rangi yake, na kwamba hakujiona amepokelewa. Alifariki tarehe 6 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 49. Alikuwa ameichezea nchi yake michezo 27 na kufunga trai 14.

Habari hizi zimenifanya niwaze juu ya shule yetu. Mwaka huu amekuja kijana mmoja kutoka Kongo, mwenye mbio za ajabu. Akifunga, uwanja mzima humpigia makofi. Jioni hula peke yake, na Kiswahili chake huchekwa.

Ndugu zangu, makofi ni mema, lakini hayatoshi. Mchezaji wa pembeni hapati mpira mpaka wenzake wampe, na urafiki ni vivyo hivyo. Mimi na wenzangu wawili tumeanza kula naye meza moja. Meza hiyo ingali na nafasi, karibuni.