Bigo, Mahali Mlima Unapoweka Maji Yake

Wengi wanaopanda Rwenzori kutokea Nyakalengija, upande wa Uganda, huifuata theluji. Macho na moyo viko Margherita, kilele cha mlima wa tatu kwa urefu Afrika, mita 5,109. Bigo, kinamasi kilichoko njiani, wanaipita mbiombio, wamekunja nyuso kwa sababu ya matope. Naamini hapo ndipo wanapoukosa uzuri wenyewe wa safari.

Baada ya kambi ya John Matte unavuka mto Bujuku, na kwenye kimo cha mita 3,400 hivi msitu unakwisha. Unatokea kwenye kinamasi kipana, kimezungukwa na milima kila upande. Matuta ya nyasi yanafika kiunoni. Lobelia zimesimama wima zikiwa ndefu kuliko mtu, na pembeni miti ya erika imeota ndevu za kijivu. Ukungu huja na kuondoka kwa dakika chache tu.

Sasa inama. Katikati ya matuta, pale msafiri mwenye haraka anapoona tope tu, pametanda kuvumwani: ya kijani kibichi, ya manjano, ya hudhurungi, na kwingine nyekundu iliyoiva. Kipande kimoja kilikuwa kimelala juu ya njia ya mbao, kimeng'olewa na buti la mtu. Mwongozaji wetu, Mkonzo wa makamo, alikiokota akakikamua. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikadhani yamekwisha, akakamua tena, yakatoka mengine. Kisha akakirudisha taratibu kwenye maji.

Hiyo ni kuvumwani ya jamii ya sifagnamu. Haina mizizi. Jani lake lina unene wa seli moja tu, na nyingi kati ya seli hizo zimekwisha kufa. Yamebaki maganda matupu yenye vitundu, ambayo kazi yake ni kushika maji. Mmea mkavu huweza kubeba maji yenye uzito mara 15 au 20 ya uzito wake. Tena huyatia maji yanayouzunguka uchachu, hata mimea iliyokufa inachelewa mno kuoza. Chini unakufa, juu unaendelea kuota, na mboji inalimbikizana karne kwa karne. Ukitembea Bigo unatembea juu ya ghala.

Ghala hilo lina maana kubwa kwa watu wa bondeni. Maji ya Bujuku huingia mto Mubuku, unaomwagilia mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme huko Kasese. Na sehemu kubwa kabisa ya maji hayo ni mvua, wala si barafu iliyoyeyuka kama wengi wanavyodhani. Barafu yenyewe inatuaga. Mwaka 1906, Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi kutoka Italia, alipofika vileleni, ilifunika takribani kilomita za mraba 6.5. Leo haifiki hata moja. Picha za barafu inayotoweka zimeonyeshwa duniani kote, na zinastahili. Lakini joto lile lile linaweza kuikausha kuvumwani, na sijaona anayeipigia picha.

Februari 2012 kiangazi kilikuwa kikali, na moto ukaunguza nyanda za juu za mlima huu, mahali ambapo mtu angeapa hapawezi kushika moto. Wanasayansi waliochimbua tabaka za matope chini ya ziwa la huko juu hawakukuta dalili za moto kama huo katika miaka 12,000. Kwa kinamasi chenye mboji hilo ni jambo la kuogopesha, kwa kuwa mboji iliyokauka huungua polepole chini kwa chini, na kilichojengwa kwa karne nyingi hakirudi kwa msimu mmoja wa mvua.

Na sisi wasafiri tuna sehemu yetu. Kabla ya njia za mbao, watu walirukaruka kutoka tuta hadi tuta, na kila aliyeteleza alichimba shimo. Erika zilikatwa kuwa kuni za kupikia kambini, ingawa huota polepole sana kwenye baridi ile. Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia tangu 1994, lakini hadhi hizo hazimzuii mtu kutoka kwenye ubao ili apate picha nzuri. "Kaka, rudi njiani," mwongozaji alimwambia kijana aliyekwisha kutia mguu mmoja nje, na hakuendelea kutembea mpaka yule kijana aliporudi.

Ukienda, chagua Januari, Februari au Julai, mvua inapopungua kidogo. Vaa gambuti. Kabla ya kulipa, uliza kambini wanapikia gesi au kuni, na ukiambiwa kuni, tafuta kampuni nyingine. Halafu omba ratiba ikupe nusu siku nzima Bigo, hata kama wenzako watalalamika kwamba kilele kinawasubiri.