Jiografia ya Mawe Meusi

Jumatatu, 11 Septemba 2023

Pande nne za dunia hazimsumbui mwalimu wa Goma. Niliwatoa watoto wa darasa la tatu uani, nikawaambia waelekee volkano ya Nyiragongo: huko ni kaskazini. Mgongoni pao Ziwa Kivu, kusini. Mkono wa kulia mpaka wa Rwanda na Gisenyi. Wa kushoto barabara ya Sake. Kwingine walimu wanahangaika na jua na kivuli, sisi tumepewa mlima wa mita 3,470.

Mmoja akauliza: "Mwalimu, mlima ukilipuka, kaskazini inabaki pale pale?" Wenzake wakamcheka. Kwangu lilikuwa swali la siku. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani na kusogeza ufuko. Waliochora ramani walirudia kazi. Kaskazini ilibaki.

Jumatano, 13 Septemba

Kitabu kinaanza na mto. Nani ameuona mto? Wazaliwa wa Katoyi, kartie yetu, walitazamana. Mjini kwetu hakuna mto: mvua inanyesha, maji yanazama kwenye nyufa za lava, basi. Wanajua ziwa, bomba na foleni ya bidoni.

Aliyenyoosha mkono ni msichana aliyekimbia vita pamoja na wazazi wake, ambaye tangu masomo yaanze hajasema neno. Alieleza chanzo, vijito vinavyokutana, daraja la miti, na namna maji yanavyogeuka rangi ya udongo mvua ikipiga juu. Nilimpa chaki, akachora. Kitabu hakina mchoro mzuri kama ule.

Kwao ni wapi? "Katoyi." Kelele! "Sisi pia!" Ikabidi nieleze kwamba Masisi kuna sekta ya Katoyi, na kwamba yetu ni kartie ya komine ya Karisimbi.

Wakataka kujua maji ya ziwa letu yanaenda wapi. Yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanatoka kwa Lukuga, yanafika mto Kongo, kisha Atlantiki. Walinitazama kama mtu anayewauzia uongo.

Ijumaa, 15 Septemba

Jumuiya. Najua somo hili linavyopenda kugeuka orodha ya makabila: Bahunde, Bakumu, Banande, Bahutu, Batutsi, Bashi, Banyanga. Watoto wanaikariri, halafu wakati wa mapumziko wanaulizana nani ni nani. Mwaka huu, na vita hivi, sitaki. Majina hayo wanayasikia nyumbani tayari.

Nilianza na nyumba kumi. Kiongozi wao ni nani? Karibu wote walimjua. Kisha avenyu, kartie, komine, mji, na Kivu Kaskazini, provinsi moja kati ya 26. Baada ya hapo nikauliza: kwenye avenyu yenu nani anatengeneza chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo), nani anauza makala, mama gani anaamua ugomvi bombani? Darasa likawaka. Wawili waligundua kwamba fundi wao ni yule yule.

Kazi ya nyumbani: wasimame na mzazi kando ya barabara, waandike chukudu zimebeba nini na mzigo umetoka upande gani. Viazi, mbao, makala. Vita vimeifanya barabara ya Rutshuru, ya kaskazini, kuwa ngumu, sijui upande huo utaandikiwa nini. Mteremko nitaufundisha hapo hapo, kwa breki ya chukudu, kipande cha kandambili kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma.